Kutoka Ruponda hadi Pwani ya Lindi: Namna Familia Inavyoweza Kupanga Safari Fupi kwa Gharama Nafuu

Nachingwea, Lindi

Kila msimu, korosho zinazovunwa katika Kata ya Ruponda na kata jirani za Wilaya za Nachingwea na Ruangwa husafirishwa kuelekea ukanda wa pwani, kisha hupakiwa melini. Hata hivyo, si wakulima wote wanaozilima waliokwisha kuiona bahari hiyo, ingawa mji wa Lindi, makao makuu ya mkoa wao, uko umbali wa chini ya kilomita 200 kutoka mjini Nachingwea. Kwa familia nyingi kinachozuia si umbali wa njia. Ni dhana kwamba matembezi ya pwani ni ya watu wenye uwezo mkubwa, na hofu ya haki kabisa kwamba fedha za mazao zikiguswa kwa starehe, pembejeo na ada za watoto zitakosekana.

Hofu hiyo ina msingi, lakini ina dawa. Safari ya siku mbili kutoka Ruponda hadi Lindi inaweza kufanyika bila kuyumbisha kaya, iwapo mambo manne yatapangwa mapema: wakati wa kusafiri, njia na kituo cha kulala, bajeti, na usalama wa majini na barabarani. Makala haya yanaeleza jambo moja baada ya jingine.

Wakati wa kusafiri

Mikoa ya kusini, ikiwamo Lindi na Mtwara, hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwezi Novemba na kumalizika mwezi Aprili. Katika kipindi hicho barabara za vijijini zisizo na lami huteleza, makorongo hujaa, na safari ya saa chache huweza kuchukua siku nzima. Kipindi cha Juni hadi Oktoba ni kikavu, na ndicho kinachofaa zaidi kwa msafiri anayetoka bara kwenda pwani.

Mwezi Juni una faida nyingine mbili. Shule huwa zimefungwa, na minada ya ufuta kwa kawaida huwa imeanza, hivyo baadhi ya kaya huwa na fedha mkononi. Kwa wanaotegemea korosho, minada huanza mwezi Oktoba chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI. Malipo ya korosho yanapowafikia wakulima, mara nyingi mvua nazo huwa zimekaribia. Mkulima wa korosho anayekusudia kusafiri ana nafuu kuitunza sehemu ndogo ya malipo hayo hadi kiangazi kinachofuata, badala ya kusafiri katikati ya masika.

Lipo pia suala la upepo. Kati ya Mei na Septemba huvuma kusi, na katika miezi ya Juni hadi Agosti upepo huo huweza kuichafua bahari kuu. Kwa sababu hiyo familia inayosafiri wakati huo inashauriwa kuchagua maeneo yenye kinga, kama Ghuba ya Lindi, badala ya fukwe zinazoelekeana na bahari ya wazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, na inapobidi hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Tahadhari ikitolewa, safari ya majini huahirishwa, hata kama nauli imekwishalipwa.

Ukanda huu una historia inayofundisha umuhimu wa kusikiliza tahadhari hizo. Mwezi Aprili 1952 mji wa Lindi ulipigwa na kimbunga kilicholeta uharibifu mkubwa. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Wilaya ya Kilwa. Matukio yote mawili yaliangukia Aprili na Mei, miezi ambayo mpangaji makini huiepuka.

Anayepanga kusafiri mwanzoni mwa Agosti akumbuke kuwa Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kusini hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Ni fursa ya kuunganisha mafunzo ya kilimo na matembezi ya bahari, lakini vyumba na viti vya mabasi hutafutwa na watu wengi, hivyo nafasi zishikwe mapema. Vilevile, wakazi wengi wa pwani ni Waislamu. Katika mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana, na msafiri mwenye watoto hana budi kubeba chakula chake.

Mwezi angani na maji ya bahari

Jambo ambalo msafiri wa bara hulisahau mara nyingi ni kujaa na kupwa kwa maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Familia inayofika ufukweni maji yakiwa yamekupwa huweza kukuta tope, mawe na mwani mahali ilipotarajia mawimbi, na ikalazimika kusubiri saa kadhaa.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya Tanzania, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo tofauti yake kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Siku hizo maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi.

Kutokana na utaratibu huo, anayetaka watoto wacheze ufukweni asubuhi achague siku za nusu mwezi. Anayetaka kuwaonesha viumbe wa miambani, wavuvi wa pweza na mitumbwi iliyolala mchangani achague siku za bamvua, afike ufukweni asubuhi, kisha ajiandae kuondoka mapema maji yanapoanza kurudi. Uamuzi huu haugharimu hata senti moja. Unahitaji kutazama mwezi kabla ya kukata tiketi.

Njia na vituo

Msafiri wa Ruponda huanza kwa kufika mjini Nachingwea. Kutoka hapo zipo njia mbili kuu. Ya kwanza hupitia Masasi, mkoani Mtwara, kisha hufuata barabara kuu ya lami kupitia Ndanda, Nanganga, Nyangao na Mtama hadi Mnazi Mmoja, ambapo barabara ya Masasi hukutana na ile ya Lindi–Mtwara. Ya pili hupitia mjini Ruangwa na kuungana na barabara hiyo hiyo kuu pale Nanganga. Anayeishi upande wa Ruangwa hupata unafuu kwa njia ya pili. Mwingine apime kwa kuulizia mambo matatu: nauli, idadi ya mara atakazobadilisha gari, na hali ya barabara kwa wiki hiyo. Gari moja la moja kwa moja hadi Lindi, hata likiwa na nauli ya juu kidogo, mara nyingi huokoa fedha za chakula na muda unaopotea vituoni.

Njia yenyewe ina mengi ya kutazama bila malipo. Ndanda inafahamika kwa misheni yake kongwe ya Wabenediktini. Karibu na Nyangao ndipo ilipo Mahiwa, mahali palipopiganwa moja ya vita vikali vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917. Ruponda yenyewe ina nafasi katika historia hiyo, kwa kuwa ilikuwa ghala la vifaa la majeshi ya Wajerumani hadi ilipotwaliwa na Waingereza mwezi huo huo. Wazazi wakiyasimulia hayo wakiwa ndani ya basi, safari huwa somo kwa watoto.

Zamani safari hii ilikuwa na usafiri mwingine. Mpango wa kilimo cha karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulileta reli kutoka Ghuba ya Lindi hadi Nachingwea, na baadaye reli hiyo ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mpango ulishindwa, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisha ikang'olewa. Jina la Kata ya Stesheni mjini Nachingwea ni kumbukumbu ya enzi hizo. Leo barabara ndiyo tegemeo la wasafiri, na ndiyo maana gharama ya usafiri ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bajeti.

Kuhusu mahali pa kufikia, kanuni ya kwanza ya safari ya gharama nafuu ni kuchagua kituo kimoja na kulala hapo hapo. Lindi inatosha kwa siku mbili. Mji una ufukwe, soko la samaki, majengo ya kale na ghuba ambamo Mto Lukuledi humwaga maji yake. Ng'ambo ya ghuba ipo Kitunda, inayohudumiwa na kivuko cha MV Kitunda cha Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA). Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa juu ya maji ya bahari, kuvuka kwenda Kitunda na kurudi ni njia rahisi ya kuonja safari ya majini bila kukodi boti. Ratiba na nauli huulizwa gatini siku moja kabla, kwani chombo huweza kuwa katika matengenezo.

Mikindani, iliyo kilomita zipatazo 10 kabla ya kufika Mtwara, inafaa kwa wenye siku ya tatu. Mji huo mkongwe una ghuba tulivu, nyumba za mawe na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Ni kutoka eneo hilo David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kusini zaidi ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako mgeni hulipa kiingilio na haruhusiwi kuondoa matumbawe wala viumbe wa baharini.

Kilwa Kisiwani, eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lina magofu ya Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, na msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Pamoja na thamani hiyo, halifai kuunganishwa katika safari ya siku mbili. Kutoka Lindi ni mwendo mrefu wa kuelekea kaskazini hadi Nangurukuru, kisha Kilwa Masoko, na baada ya hapo chombo cha kuvuka. Ni safari inayostahili kupangwa peke yake.

Bajeti ya kaya

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hupanga kiwango cha juu cha nauli za mabasi kwa kila kilomita, kulingana na daraja la basi na aina ya barabara. Msafiri ana haki ya kuijua nauli iliyoidhinishwa, kupewa tiketi, na kukataa kulipa zaidi ya kiwango hicho. Tiketi itunzwe hadi mwisho wa safari, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa abiria linapotokea tatizo.

Ili kuonesha hesabu inavyofanyika, ichukuliwe familia ya watu wanne wanaosafiri siku mbili na kulala usiku mmoja. Viwango vifuatavyo ni vya mfano tu wa ukokotoaji. Kila kaya iweke bei halisi itakazozipata.

- Usafiri wa kijijini hadi Nachingwea, kwenda na kurudi: Sh12,000.
- Basi hadi Lindi na kurudi, kwa umbali wa kilomita 190 na nauli ya Sh50 kwa kilomita: Sh19,000 kwa mtu, sawa na Sh76,000 kwa watu wanne.
- Vyumba viwili katika nyumba ya kulala wageni, Sh20,000 kila kimoja: Sh40,000.
- Milo minne ya watu wanne, Sh3,000 kwa sahani: Sh48,000.
- Kivuko, bajaji na matumizi madogo ya mjini: Sh20,000.
- Akiba ya dharura: Sh20,000.

Jumla ni Sh216,000. Kaya inayoanza kuweka akiba miezi sita kabla hutakiwa kutenga Sh36,000 kwa mwezi, ama nyumbani, ama katika kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa utaratibu huo fedha ya mazao haiguswi kwa mkupuo, na fungu la pembejeo na ada hubaki mahali pake.

Mfano huo unaonesha pia mahali ambapo gharama hupanda. Familia hiyo hiyo ikiongeza siku moja ya kwenda Mikindani, nauli za takriban kilomita 200 za kwenda na kurudi zitaongeza Sh40,000, usiku wa pili Sh40,000, na milo mitatu zaidi Sh36,000. Nyongeza hiyo ya Sh116,000 ni zaidi ya nusu ya bajeti ya awali. Kwa upande mwingine, kufunga chakula cha mchana cha siku ya kwanza kutoka nyumbani, kama mihogo ya kuchemsha, karanga, korosho na maji, huokoa Sh12,000 tu. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi aanze kwa kupunguza vituo, kabla ya kufikiria kupunguza sahani za watoto.

Tahadhari tatu za fedha zizingatiwe. Kwanza, nauli ya kurudi itengwe kabla ya kuondoka na isiguswe kwa lolote, hata kwa samaki wa bei nzuri. Pili, chumba kiulizwe kwa simu na bei ikubaliwe kabla ya kufika. Watu wazima wabebe vitambulisho, kwa kuwa nyumba za wageni huandikisha wanaolala. Tatu, malipo ya viingilio vya hifadhi na maeneo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo na kupewa stakabadhi. Anayedai fedha mkononi bila stakabadhi asilipwe. Maeneo mengi ya hifadhi na mambo ya kale yana viwango vya chini kwa raia wa Tanzania, hivyo kitambulisho husaidia pia katika kuthibitisha uraia.

Vikundi vya kwaya, ushirika au wahitimu wa shule vinaweza kupunguza gharama kwa kukodi gari moja. Hapo sharti ni kuhakikisha kwamba gari lina leseni ya kubeba abiria, bima hai na dereva mwenye daraja linalostahili. Kupanda lori la mizigo kwa sababu ni la bei rahisi ni kuweka rehani maisha ya watu wengi.

Usalama wa familia

Mtoto aliyekulia Ruponda anajua hatari za mto wakati wa masika, lakini bahari ina tabia zake. Maji yanayopwa huvuta kuelekea kilindini, na mkondo huwa na nguvu zaidi karibu na mdomo wa mto, kama ule wa Lukuledi. Asiyejua kuogelea asivuke kina cha magoti, na kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayemtazama yeye tu. Kabla ya kuingia majini, waulizwe wavuvi au wenyeji wa ufukwe huo kuhusu sehemu salama na saa ya maji kurudi. Viatu vyepesi visivuliwe sehemu zenye mawe, kwa kuwa wapo viumbe wenye miiba na sumu.

Katika boti yoyote ya kukodi, kila abiria avae jaketi la kuokolea tangu kuondoka hadi kufika. Kama majaketi hayatoshi, au chombo kimezidisha watu, familia isipande. Barabarani, abiria wafunge mikanda, na dereva anayekimbiza gari aelezwe, kisha taarifa itolewe kwa askari wa usalama barabarani. Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mavazi ya staha yanapendekezwa mijini na sokoni. Picha za wavuvi na kina mama wanaouza samaki zipigwe baada ya kuomba ruhusa, na taka zote zirudi na mgeni hadi palipo na pipa.

Ratiba inayopendekezwa

Siku ya kwanza, familia iondoke Nachingwea kwa basi la alfajiri ili ifike Lindi mchana, ipumzike, kisha iende ufukweni jioni na kula samaki kwa wali wa nazi. Siku ya pili, asubuhi itumike kwa kivuko cha Kitunda au ufukwe kulingana na maji, halafu soko la samaki, na kuanza safari ya kurudi kabla ya saa saba mchana ili kuepuka kukwama njiani usiku. Tiketi ya kurudi ikatwe mara tu familia inapofika Lindi siku ya kwanza.

Wananchi wanaopanga safari hiyo wanashauriwa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa angalau siku tatu kabla ya kuondoka, kuulizia nauli zilizoidhinishwa katika ofisi za LATRA, na kumwachia ndugu au jirani anayebaki nyumbani maelezo ya njia, mahali pa kulala na siku ya kurejea.